Tina Turner: Sauti Ilikuwa ya Rock Kitambo

Septemba 1984, namba moja kwa chati ya Marekani ilikuwa imekaliwa na mathe wa miaka 44. Jaketi ya jinsi, kasketi ka ngozi, nywele zimesimama kila upande, anakatiza mitaa ya New York na visigino virefu bila haraka yoyote. Ngoma ilikuwa "What's Love Got to Do with It". Kabla yake hakuna manzi solo alikuwa amefika hapo juu na hiyo miaka, na muda mfupi tu nyuma kuna mabosi wa lebo walikuwa wanataka kumtema.

Wasee wengi wakipiga risto ya Tina Turner hupitia njia moja: alichapwa na bwanake, akahepa, akaomoka. Ni ukweli, na nitafika hapo, hakuna vile utairuka. Lakini ukiishia hapo, unambakisha mtu wa kuonewa huruma tu, kazi yake unaiacha nje ya mlango. Mimi nataka tubonge ngoma. Huyu manzi alisaka saundi moja miaka zaidi ya 20, na karibu kila mtu aliyeshika funguo za studio alikuwa anamshow hiyo saundi si ya watu kama yeye.

Jina alilopewa na wazazi ni Anna Mae Bullock. Alizaliwa 26 Novemba 1939 Brownsville, Tennessee, akakulia Nutbush, kamtaa kadogo ka mashamba ya pamba kando ya barabara. Mbuyu wake alikuwa msimamizi wa shamba. Yeye mwenyewe akiwa mtoi alichuma pamba, na aliichukia hiyo mboka mbaya sana. Jumapili ilikuwa kwaya, kanisa la Spring Hill Baptist. Akiwa na miaka kama 11 mathe akajitoa, mbuyu naye baadaye akashika njia yake, mtoi akaachiwa shosho. Shosho alipofariki, Anna Mae alikuwa na 16. Akapanda St. Louis kukaa na mathe ambaye hawakuwa wamezoeana kivile.

St. Louis ndio rada ilibadilika. Ng'ambo ya mto Mississippi, East St. Louis, kulikuwa na klabu inaitwa Manhattan, na mbogi iliyokuwa inawasha hiyo klabu ilikuwa Kings of Rhythm, bendi ya Ike Turner. Hapa shika kitu moja vizuri. 1951, Ike na hao maboyz walirekodi "Rocket 88", ngoma ambayo wasee wengi wa historia ya muziki wanaihesabu kati ya rekodi za kwanza kabisa za rock and roll, kama si ya kwanza. Kwa rekodi liliandikwa jina la Jackie Brenston, msee wa saksafoni aliyeimba, lakini bendi ilikuwa ya Ike. Kwa hivyo kadem ka Nutbush kalipoingia Klabu Manhattan, hakakuwa kanapeleka sauti yake kwa watu wa blues tu. Kalikuwa kamesimama mahali rock ilitoka. Rock ilitengenezwa na wasee Weusi, kisha ndani ya miaka michache ikapewa sura ingine, na wenyewe wakaambiwa warudi kwa rafu ya R&B. Ukisahau hiyo, risto yote ya Tina inakupita.

Siku moja bendi ikiwa mapumzikoni, maiki ikamfikia. Akaimba ngoma ya B.B. King. Ike akashtuka: hako kamwili kembamba, na sauti nzito, ina mchanga ndani, imekauka na bado ina moto. Mamanzi wa redio enzi hizo walikuwa wanaimba laini, sauti ya kubembeleza. Huyu alikuwa anaimba vile wanaume wa blues huimba, kutoka tumboni, bila kuomba ruhusa. Akaingizwa bendi, akaitwa Little Ann.

1960 Ike alikuwa ameandikia msee mwingine ngoma inaitwa "A Fool in Love". Msee hakuonekana studio. Little Ann akasema aiimbe yeye, iwe ya kushikilia tu, sauti yake itafutwa baadaye. Bosi wa lebo ya Sue, Juggy Murray, aliposikia akasema huyo manzi asiguswe. Ngoma ikafika namba 2 kwa chati ya R&B na 27 kwa ile chati kubwa. Sasa cheki vile Ike alifanya. Akampea jina jipya, Tina, lifanane na Sheena, yule malkia wa msituni wa vitabu vya katuni, akaongeza Turner yake nyuma, akalisajili. Mpango ulikuwa hivi: huyu akihepa, analeta manzi mwingine anamvalisha hilo jina, shoo inaendelea. Tina aliliona kwa rekodi kabla kuamua kama analitaka. Yaani alianza kazi akiwa nafasi ya kujazwa.

Hapo ndio miaka ya barabara ilianza. Ike and Tina Turner Revue: bendi, wacheza densi wanaitwa Ikettes, mabasi, klabu za watu Weusi kusini mwa Marekani, leo town hii, kesho ingine, mwaka mzima. Tina alikuwa anaimba, anadensi, anapanga hatua za wasichana na anashughulikia nywele na mavazi. Nyuma ya pazia kulikuwa kunachapwa. Ike, ambaye pia alikuwa bwanake, alimpiga na ngumi, na viatu, na ule ubao wa kunyooshea viatu, halafu dakika chache baadaye anatakiwa kwa steji. Ganji yote ilikuwa inaingia mfuko wa Ike. 1968 Tina alijaribu kujitoa uhai, akaokolewa hospitali. Sina maneno ya kupamba hiyo. Wale wasee walikuwa wanalipia tikiti kucheki moto hawakujua unatoka wapi.

Turudi kwa saundi. Mtu wa kwanza kumtoa kwa lile shimo alikuwa Phil Spector, prodyuza aliyejulikana kwa kujaza studio na makumi ya wanamuziki wapige pamoja mpaka saundi inasimama ukuta mzima. 1966 alimtaka Tina, na alimtaka peke yake. Akamlipa Ike dola 20,000 akae mbali na studio, ingawa jina lake bado liliwekwa kwa rekodi. Ngoma ni "River Deep – Mountain High". Spector hakutaka makelele. Alitaka aimbe melodi vile iko. Tina akaimba, akarudia, akarudia tena, jasho mpaka akavua shati, usiku ukaisha. Kwake ilikuwa ufunguo: mara ya kwanza mtu kumuambia sauti yake inaweza kuimba wimbo, si kupiga nduru tu.

Uingereza waliinyaka mbio, ikafika namba 3. Kwao Marekani ilikwama namba 88. Wengi walieleza hivi, na mimi nakubaliana nao: redio za Weusi zilisikia pop ya wazungu, redio za wazungu zikasikia manzi Mweusi, kila mtu akarusha mpira kwa mwingine. Ngoma ikafa katikati. Hakukuwa na rafu ya kuiweka. Leo ukiisikiza utashangaa vile kitu kubwa hivyo ilikosa nyumba.

Lakini ile namba 3 ya Uingereza ilifungua mlango mwingine. The Rolling Stones wakawaita wapige nao shoo za huko vuli ya 1966, na 1969 wakawabeba tena ziara ya Marekani. Kila usiku Mick Jagger alikuwa anasimama kando ya steji anamcheki. Tina mwenyewe alihadithia vile yeye na Ikettes walimfunza Jagger densi inaitwa Pony nyuma ya pazia. Naye Tina akaona kitu yake: hao maboyz wanne watano wa London wanapiga muziki wa watu wake, na wanajaza viwanja. Hakuna kitu walikuwa nacho kwa koo ambacho yeye hakuwa nacho. Kutoka hapo orodha ya ngoma zao ikaanza kugeuka, ngoma za Beatles, za Sly Stone, magitaa yakapanda volumu.

Na ndio tunafika "Proud Mary". Hiyo ni ngoma ya Creedence Clearwater Revival, ya 1969, inaenda mwendo mmoja mtulivu tangu mwanzo. Mikononi mwa Tina, 1971, ikakatwa mara mbili. Anaanza polepole, anabonga na watu, anawaambia vile mambo yataenda, Ike anajibu chini na ile sauti nzito. Unafikiri umeshajua ngoma iko wapi. Kisha drums zinalipuka, tarumbeta zinaingia, Tina na Ikettes wanazungusha mikono, na mwendo ule hautulii tena mpaka mwisho. Ilifika namba 4, ikaleta Grammy. Angalia tuzo yenyewe lakini: ya R&B. Ngoma ya rock, imechukuliwa kwa bendi ya rock, imepigwa kwa kasi ya rock, na bado wakaitafutia ile rafu ya zamani.

Hakuacha kujaribu. 1973 aliandika "Nutbush City Limits", akaimba kale kamtaa kao na kila kitu chake mpaka kanisa na sheria zake. Gitaa hapo ni chafu, sinthesaiza inakwaruza, na maneno ni yake mwenyewe. Kwangu hiyo ndio ngoma kali zaidi ya enzi za Ike, na ni manzi aliyeiandika. 1974 akatoa albamu solo ya kantri. 1975 akacheza Acid Queen kwa filamu ya Tommy, ya ngoma za The Who, na albamu yake iliyofuata ikabeba hilo jina, upande mmoja umejaa ngoma za Stones, The Who na Led Zeppelin. Manzi alikuwa anagonga kila mlango wa hiyo nyumba. Kitu kingine cha hiyo miaka: alianza kufuata Ubudha, akawa anakariri maombi yake kila siku. Mwenyewe alisema hapo ndio kichwa kilianza kunyooka na uoga ukapungua.

Julai 1976, Dallas. Ndani ya gari kutoka uwanja wa ndege Ike akamchapa, na safari hii Tina akarudisha. Wakafika hoteli, Statler Hilton, suti yake nyeupe imejaa damu. Alingoja Ike alale. Akajifunika kichwa, akatoka na mlango wa nyuma, akavuka barabara kuu yenye malori, akaingia Ramada Inn ng'ambo. Alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta. Meneja wa hoteli akampea chumba na akamwekea ulinzi mlangoni.

Talaka yake na Ike iliisha 1978. Kortini hakung'ang'ania nyumba wala ganji. Alitaka jina. Lile jina lililosajiliwa ili aweze kubadilishwa na manzi mwingine, ndilo alilotoka nalo. Ukiniuliza, hiyo ndio hesabu kali zaidi msanii aliwahi kupiga. Alijua ngoma za nyuma zinaweza kubaki kwa Ike, mradi za mbele ziwe zake.

Za mbele hazikukuja haraka. Shoo zilizovunjika baada ya kuhepa zilimwachia deni. Alikula na vocha za chakula za serikali, akasafishia marafiki nyumba, akatokea kwa vipindi vya mchezo vya TV, akapiga shoo Las Vegas na magauni ya kung'aa mbele ya watu wanaodishi. Albamu mbili, 1978 na 1979, zikazama. Hii miaka wasee huipitia mbio wakihadithia, lakini ni saba hadi nane. Ni muda mrefu sana wa kuambiwa umeisha.

Kisha akakutana na meneja kijana kutoka Australia, Roger Davies. Akamuuliza anataka nini. Tina akamwambia anataka kujaza viwanja vile Stones hujaza. Davies hakumcheka. Akaangusha magauni ya Vegas, akapunguza bendi ikabaki ndogo na kali, akampeleka klabu ya Ritz, New York, mahali mayut wa rock walikuwa wanajazana. 1981 Rod Stewart akamwalika, Stones wakamrudisha kufungua shoo zao. Na mapema 1983, David Bowie, ambaye mabosi wa lebo ya Capitol walitaka kumfurahisha, aliwaambia jioni hiyo anaenda Ritz kucheki mwimbaji anayempenda zaidi. Wakamfuata. Waliomdharau wakajipata wanatafuta tikiti.

London ndio ilikamilisha kazi. Wasee wawili wa British Electric Foundation, waliotoka bendi ya Human League, walikuwa wamemwita 1982 arekodi "Ball of Confusion". Akaingia studio akauliza bendi iko wapi. Wakamwonyesha mashine. Hapo fikiria manzi aliyekulia mbele ya tarumbeta na ngoma za ngozi. Angekataa. Hakukataa, akasikiza, akaelewa. Hizo mashine hazigombani na sauti. Zinaiachia nafasi. Mmoja wao, Martyn Ware, akarudi naye 1983 wakafanya "Let's Stay Together" ya Al Green, ikafika namba 6 Uingereza, na Capitol wakamtaka albamu chapchap. Private Dancer ikarekodiwa London kwa wiki kama mbili, maprodyuza tofauti, ngoma kutoka kila kona. Ngoma ya jina la albamu iliandikwa na Mark Knopfler wa Dire Straits.

"What's Love Got to Do with It" hakuipenda. Aliiona nyepesi, ya pop, si yake. Davies akasisitiza, na mwandishi Terry Britten akakaa naye chini wakaigeuza mpaka imkae. Sasa isikize na masikio ya mtu aliyefuata hii risto. Yule aliyejulikana kwa kupiga nduru anaimba chini, karibu anabonga, ule mchanga wa sauti uko karibu sana na maiki. Anajizuia. Koo inaweza kulipuka saa yoyote na unajua hivyo, na yeye anajua unajua, ndio maana hauwezi kuondoka. Hiyo ni nguvu tofauti kabisa na ya "Proud Mary". Hakuipata 1966 kwa sababu hakuna aliyemwachia kimya cha kuitumia.

Februari 1985 Grammy zikamiminika: rekodi ya mwaka, mwimbaji bora wa kike wa pop, na, kwa "Better Be Good to Me", mwimbaji bora wa kike wa rock. Rock. Imeandikwa. Albamu ikauza zaidi ya nakala milioni 10 duniani. Mwaka huohuo akacheza Aunty Entity kwa filamu ya Mad Max, akapiga shoo ya Live Aid Philadelphia na Jagger. 16 Januari 1988 akasimama uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya zaidi ya watu 180,000. Ile ndoto aliyomwambia Davies ikapita kipimo.

1989 kukakuja "The Best". Bonnie Tyler alikuwa ameirekodi mwaka mmoja kabla na haikufika mbali. Tina akaitaka, lakini akawaambia waandishi waongeze kipande katikati na wapandishe ufunguo. Wakafanya. Zile sekunde ngoma inapopanda, saksafoni ya Edgar Winter ikiingia, ni wazo la Tina. Watu humuita mwimbaji wa ngoma za wengine. Cheki vile alikuwa anazijenga.

Mengine nitayapitia mbio. Alipenda Mjerumani wa biashara ya muziki, Erwin Bach, wakahamia Uswisi, wakaoana 2013, na mwaka huo akawa raia wa huko. Afya ikamtesa, na 2017 Bach akampea figo yake moja. Ukumbi wa heshima wa rock Marekani ulimwingiza 1991 pamoja na Ike, na hakuenda. Ilichukua miaka 30, mpaka 2021, kumwingiza solo. Alifariki 24 Mei 2023 nyumbani kwake Küsnacht, karibu na Zurich, akiwa na miaka 83.

Kama unamjua kwa "The Best" tu, usianzie hapo. Anza na "A Fool in Love" usikie ile nduru ya kwanza. Ingia "River Deep" na hedifoni nzuri, kisha "Nutbush City Limits" ukijua nani aliandika. Halafu weka Private Dancer yote, kutoka ngoma ya kwanza, bila kuruka. Ukimaliza tafuta video ya shoo ya Rio 1988, ufike "Proud Mary". Kwa steji hakuna Ike wa kujibu zile sehemu za chini. Na bado ngoma inawaka.